Maji kwa Shangazi

Tulipokuwa wadogo sisi, simu zilikuwa bado hazijui njia. Njia walikuwa wanazijua mama zetu. Na sisemi njia za barabarani tu, nasema mpaka za baharini, maana mwamba wa kwetu, maji yakishakupwa, ulikuwa na majina kama mji. Una mitaa yake, kona zake, na sehemu zake mbaya ambazo ukitumwa unasema tumbo linauma. Wenzangu mliokulia pwani mnanielewa. Nyie wengine mtanielewa mbele kidogo, vumilieni, maana hata mimi mwenyewe sina subira ya hadithi ndefu.

Sasa hivi nakaa Johannesburg, Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, nauza khanga na vitenge. Lakini nimezaliwa kijijini, kusini ukitoka Tanga mjini, nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Asubuhi unaamshwa na harufu ya matope ya mikoko na moshi wa makumbi ya nazi. Unakunywa uji wa muhogo wa moto mpaka ulimi unakufa ganzi, unavaa sare ya shule yenye kifungo kimoja, unakwenda. Ila siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali kabisa, darasani tulikuwa tunabaki wachache. Mwalimu wetu wa hesabu akiingia anatazama madawati anasema, "Leo wote wameajiriwa na pweza." Halafu jioni na yeye anapita nyumbani kwetu kuuliza kama pweza yupo.

Kwenda mwambani ilikuwa kazi ya akina mama na watoto. Wanaume wana mashua zao huko, sisi hatukuwa na habari nao. Mama anajifunga khanga mbili, ya chini anaipandisha mpaka magotini, anabeba ndoo na chuma cha kuchokolea pweza. Sisi watoto tunafuata na vikapu vya chaza na kome, miguuni viatu vya raba vilivyotoboka, mdomoni kelele. Chumvi inakauka kwenye ngozi ya miguu mpaka unatembea kama umepakwa chokaa. Jua linapiga, na maji ya kunywa yapo kwenye dumu moja tu la njano, analibeba Shangazi Mwanahamisi, dada yake baba. Ukitaka kunywa unamfuata alipo. Anakupimia kwenye kifuu, na kabla hujamaliza anakuuliza, "Umekuja kuvua au umekuja kuoga tumboni?"

Sasa majina. Ukitoka mchangani, kwanza unafika Mwagakunde. Zamani mwanamke mmoja aliteleza pale na sufuria ya kunde, zote zikaenda na maji. Jina la yule mwanamke hakuna anayelikumbuka, lakini kunde zake mpaka leo zinatajwa. Kwa hiyo ukisikia Mwagakunde, unakanyaga kwa vidole, panateleza. Ukipita hapo kuna Jiwe la Wifi, lina ncha kila upande, ulikwepe litakuchoma, usilikwepe litakuchoma. Mawifi waliokuwepo walikuwa wanalalamika kila tukipita, na mama anawajibu, "Basi hamieni mbali lisahaulike." Halafu kuna mahali panaitwa Pumzika Uongo. Mchanga laini, mweupe, unakuita ukae. Chini yake wamelala taa, wale samaki wenye mwiba mkiani. Ukikaa, utainuka bila kuambiwa.

Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Ulikuwa unapita na mama, unasikia, unauliza, unapigwa kikofi kidogo cha kisogo, umeshajua. Mama alikuwa anasema, "Mimi nina miguu miwili, siwezi kukufuata kila mahali. Majina sikia wewe mwenyewe." Nilikuwa naona ni maneno ya watu wazima tu ya kututuma.

Baada ya Pumzika Uongo ndiyo unakuta Kwa Shangazi. Hapo ni mkondo, umekata mwamba kati, upande huu mwamba wa ndani na upande ule mwamba wa nje wenye pweza wakubwa. Maji yakiwa yamekupwa unavuka Kwa Shangazi yanakufika magotini, yametulia, mazuri, samaki wadogo wa rangi wanakupita miguuni. Na ndiyo maana pakaitwa hivyo, maana ukienda kwa shangazi yako anakupokea vizuri mno, anakupa hiki anakupa kile, ukitaka kuondoka hakuachii. Ule mkondo ndiyo unaojaa wa kwanza. Mchangani bado pakavu, mwamba wa nje bado mkavu, unajiona una muda, kumbe nyuma yako kati pameshajaa na panavuta.

Kwa hiyo palikuwa na ukelele. Mwanamke wa kwanza kuona maji yanaingia anapaza sauti, "Maji kwa Shangaziii!" Anayemsikia naye anapaza, mpaka mwamba mzima unaitikia. Ukisikia hivyo huulizi. Aliye nje anavuka haraka kabla mkondo haujajaa, aliye ndani haendi tena, anaelekea mchangani.

Na pembeni ya mkondo lilikuwa limesimama jiwe moja refu kama mtu, linaitwa Sengwe. Chini limeota mwani wa kijani, katikati limegandwa na chaza na mchanga limekuwa manjano manjano, kichwani ni jekundu kama tofali. Lilikuwa ndiyo saa yetu. Mama alikuwa anasema hivi hivi kila siku: "Ukiona miguu ya kijani, tembea. Maji yakifika kiunoni, funga mzigo. Ukiona kichwa peke yake, piga shahada." Nikamuuliza mara ngapi, Sengwe maana yake nini? Jina kama lile si Kiswahili tunachokijua, si Kidigo, si Kibondei. Bibi mzaa mama alikuwa hajui. Bibi yake bibi, eti, naye alikuwa hajui. Mama ananijibu, "Sengwe ni Sengwe. We unaitwa Rukia, umeshauliza maana yake?"

Mwaka mmoja wakati wa likizo akaja binamu yetu kutoka Dar es Salaam, anaitwa Tatu. Tulikuwa tunamuonea wivu kwa viatu vyake na kwa jinsi alivyokuwa anasema "jamani" kwa pua. Na yeye kila kitu kwetu alikuwa anakiona cha kuchekesha, choo, kuku, mpaka majina ya mwambani. Siku ya bamvua tukamchukua. Tulichuma chaza mpaka vikapu vikajaa, jua limetupiga, na sisi watoto tukaambiwa tutangulie kurudi mwamba wa ndani. Tatu alikuwa analia kiu tangu Jiwe la Wifi. Shangazi Mwanahamisi na dumu lake alikuwa bado ng'ambo ya mkondo na akina mama.

Ndipo ukelele ukatoka. "Maji kwa Shangaziii!"

Sisi wote tukageuka kwenda mchangani. Tatu akageuka kwenda baharini.

Mnaelewa? Mtoto ana kiu. Amesikia maji yako kwa shangazi. Na shangazi anamuona kwa macho yake, kasimama ng'ambo kashika dumu la njano. Angefanya nini tena? Alikimbia huku anacheka, akaingia mkondoni, maji yakawa ya kiunoni, halafu ya kifuani, halafu tukaona kitambaa chake cha kichwa kinakwenda upande na yeye anakwenda upande. Nakumbuka mama yangu anapiga kelele jina lake. Shangazi Mwanahamisi hakupiga kelele. Alifungua dumu, akamwaga maji yote ya kunywa, akalifunga, akajitosa nalo. Tatu akalikumbatia lile dumu tupu, na wanawake wakaunga khanga fundo kwa fundo wakawavuta wote wawili.

Alipona. Sasa hivi ana saluni Dar, ana mdomo kuliko zamani. Lakini jioni ile uani kwetu hakuna aliyekula. Mawifi wakaanza, lile jina libadilishwe, jina gani hilo la kuua watu. Mama alikuwa anamkausha Tatu nywele, akasema bila kuinua kichwa, "Jina halina kosa. Hakuambiwa."

Neno hilo limenikaa miaka yote. Hakuambiwa.

Haya, sasa tuje huku. Kaka yangu Hamza ndiye alinitangulia Johannesburg, analinda geti kwenye ghorofa moja Hillbrow. Akaoa Mzulu, wifi yangu Nomvula, mtu mzuri sana, na jina lake maana yake ni wa mvua. Mtoto wao ni Asma. Kwa Kizulu anatakiwa aniite babekazi, lakini ameamua mimi ni Shangazi, na akitoka shule anashinda kwangu mpaka baba yake aje amchukue. Kiswahili anasikia chote. Kuongea anaongea akitaka pesa ya chipsi.

Mimi sijafika hata thelathini, lakini kwa Asma mimi ni mtu wa kale. Nikimwambia sisi tulikuwa tunacheza kombolela mpaka magoti yanatoka damu, ananiuliza kwa nini tusingecheza kwenye simu. Nikimwambia tulikuwa tunatengeneza gari kwa makopo, ananiangalia kwa huruma kabisa, kama vile nimemwambia nililala njaa. Watoto wa siku hizi wakipotea wanasimama pale pale wanasubiri simu iwaambie wageuke wapi. Spaza ya kona, duka analonunulia mkate kila siku, nikimwambia ni upande wa kulia wa shule hajui, mpaka afungue ramani.

Basi mwaka huu Hamza akasema likizo ya Desemba anampeleka Asma nyumbani, kwa mara ya kwanza. Nikafurahi mpaka nikacheza. Halafu nikakaa kitandani nikahesabu siku za mwezi kwa vidole. Watafika na bamvua. Na mama yangu mtoto yule akifika, atampeleka mwambani asubuhi inayofuata, hilo halina mjadala.

Nikamwita Asma nikamwambia leo unajifunza majina. Akavuta midomo.

"Eish, Shangazi. Kwa nini hawaandiki tu ubao?"

"Baharini? Ubao utaugongea wapi?"

"Si waweke lokesheni."

"Simu ikilowa lokesheni itakuogelea?"

Akacheka, tukaanza. Mwagakunde aliipenda. Jiwe la Wifi akalielewa haraka, akasema mama yake ana mawifi wengi, kisha akanitazama akaziba mdomo. Tulipofika Pumzika Uongo nikamwambia chini ya mchanga kuna taa. Akashangaa kweli. "Taa? Nani analipa umeme?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nikawa naona kitu. Huyu maneno anayo yote, ila kila neno lina picha nyingine kichwani kwake.

Nikamwambia, "Sasa sikiliza, hii ndiyo kubwa. Uko mwambani, una kiu, jua kali. Unasikia wanawake wanapiga kelele: Maji kwa Shangazi! Unafanya nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nachukua ndoo nakimbia."

Nikamwambia arudie, akarudia vile vile.

Maana huku kwetu Bellevue maji yanakatika. Yanakatika leo, yanarudi kesho kutwa, yanakatika tena, na nyumba ninayopanga ina tangi la kijani uani linalokusanya mvua. Mtaa mzima unajua. Mabomba yakikauka, Hamza anamwambia binti yake, "Nenda, maji yapo kwa Shangazi." Nomvula anamwambia hivyo hivyo kwa Kizulu. Watoto wa jirani nao wameshika, wanapita na ndoo zao wanapiga kelele barabarani, "Maji kwa Shangazi! Maji kwa Shangazi!" Kwa Asma hilo neno limekuwa la kheri maisha yake yote. Tatu alilisikia mara moja akaenda. Huyu amefundishwa kwenda.

Nilitoka naye uani nikachora mwamba kwa chaki kwenye saruji. Huku mchanga, huku mkondo, huku mwamba wa nje. Beseni nikaweka liwe Jiwe la Wifi, na pipa la taka likawa Sengwe, samahani kwa wazee. Nikamsimulia habari ya Tatu yote. Akasikiliza, kwa mara ya kwanza bila simu mkononi. Halafu nikaanza kupiga ukelele na yeye anakimbia, na kila akikosea nawaka. Mimi subira sina, nimeshasema. Jirani yangu wa chumba cha nyuma, Maman Beatrisi, mshonaji kutoka Bukavu, akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Rukia, we dada! Unafundisha mutoto kukimbia mayi? Hapa Joburg tuko natafuta mayi, weye unamukimbiza?"

"Maman, ni ya bahari hii, si ya kunywa."

"Aa. Hata kwetu ku lac, ku ziwa, iko pahali wanaita Kitanda. Mugeni anasema, ee, kitanda, niende nilale. Na mayi inamubeba." Akatikisa kichwa. "Eza! Iko vile. Fundisha, mama. Fundisha sana."

Tulirudia siku nyingi. Lakini mabomba nayo hayakunionea huruma, yakakatika katikati ya mafunzo, na watoto wa mtaa wakaja na ndoo wanapaza sauti ile ile. Asma alikuwa kati yao. Nikamuona amesimama getini, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, hajui aje au akimbie.

"Shangazi, mnanichanganya. Huku nije, kule nirudi. Neno moja!"

Akakaa chini kwenye ndoo yake akafikiri. Kisha akainuka ameridhika. "Sharp. Nimepata. Nikiwa na ndoo, nakuja. Kama sina ndoo, nakimbia kurudi."

Nikamkumbatia. Nikaona mtoto ana akili kuliko mimi na ukoo wangu. Sengwe hata sikulirudia sana. Nilikuwa nimemwambia rangi zake na maneno ya mama, kijani, kiunoni, kichwa, na yeye akauliza kama kawaida, "Sengwe ni nini?" nikamjibu kama nilivyojibiwa, Sengwe ni Sengwe, akanyanyua mabega tukaendelea.

Wakapanda basi. Nikapunga mkono mpaka likakata kona. Nikarudi nyumbani nikiona kazi yangu imekwisha, nikaanza kufagia uani. Nikafika kwenye ile michoro ya chaki. Nikaitazama. Mchanga, mkondo, mwamba wa nje wenye pweza.

Pweza tunaweka kwenye nini?

Kwenye ndoo. Mwambani kila mtu ana ndoo! Mama atampa Asma ndoo ndogo, kama alivyonipa mimi. Mtoto atakuwa na ndoo mkononi, na kiu, na atasikia Maji kwa Shangazi, na kanuni yake inamwambia aende. Kanuni niliyoikumbatia mimi.

Nikapiga simu, Hamza hapatikani, wako njiani, mpaka huu mpaka ule. Nikatuma ujumbe, alama moja tu ya tiki. Nikampigia mama, simu yake kama kawaida imelala chini ya mto haina chaji. Siku zile sikuuza hata kitenge kimoja kwa akili. Mteja ananiuliza hii ya Kongo au ya China, namjibu ndiyo. Maman Beatrisi akawa ananiletea chai. Enzi zetu mtoto akienda mwambani, mama alikuwa anasimama mahali anapomuona. Mimi nilikuwa na simu yenye ramani ya dunia nzima, naweza kuuona ule mwamba kutoka juu, naukuza kwa vidole, na hakuna hata jina moja lililoandikwa pale. Bluu tu na kijivu.

Simu ya Hamza iliingia asubuhi moja nikiwa nachota maji tangini. Nikapokea nikaanza kupayuka, "Mwambie Asma asishike ndoo, mwambie mama..."

"Wameshakwenda na wamesharudi," akasema. "Tulia. Ongea na mama."

Mama akashika simu. Anaongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Rukia! Mwanao huyu uliyeniletea kafundishwa na nani?"

"Kafanya nini?"

"Tulikuwa tunarudi. Watoto wametangulia, mimi na wenzangu tuko nyuma, tumeshavuka, maji yanapanda mbio. Nikapiga ukelele. Wajukuu wote wamegeuka, yeye kasimama. Kashika ndoo yake. Anatazama huku, anatazama kule, mara kapiga hatua moja kuja kwenye maji. Roho yangu ikatoka."

Nikakaa chini kwenye saruji.

"Halafu kaliangalia Sengwe. Kalitazama hivi, kama mtu anasoma. Kisha kamshika mkono mtoto wa Tatu, maana na yeye yupo likizo, yule naye alikuwa anakwenda kwenye maji, kamvuta, anapiga kelele kwa hicho Kizulu chenu. Wakakimbia mpaka mchangani. Sasa anasema eti Sengwe ni loboti. Loboti ndiyo nini?"

Asma akamnyang'anya simu. "Shangazi! Ni roboti! Hukuniambia ni roboti!"

Kwa wasiojua, huku Afrika Kusini taa za barabarani zinaitwa roboti. Nikafumba macho nikaliona lile jiwe. Chini kijani. Katikati manjano. Juu nyekundu. Maji yakipanda yanakula kijani, yanakula manjano, yanabakiza nyekundu. Nimelitazama utoto wangu wote, na kwenye roboti za huku nimesimama miaka, sijawahi kuviweka pamoja.

"Nilikuwa na ndoo," akasema, sauti imeshuka. "Nikasahau ile ya ndoo ni ya wapi. Halafu nikaona ni nyekundu tupu. Nyekundu huvuki, Shangazi. Hata kama unaitwa."

Walikaa mpaka likizo ikaisha. Hamza akanisimulia kwamba watoto wa kijiji wote sasa wanasema Roboti. Roboti ya kijani, twende. Roboti nyekundu, tokeni. Hawajawahi kuona roboti hata moja maishani mwao, Tanga mjini wenyewe hawafiki. Sengwe limebaki kwa wazee, na wazee wenyewe siku hizi wanakwenda mwambani wachache, magoti hayataki. Nikiri, nilipata uchungu. Jina limepita vinywa vya akina mama wote hao, na likizo moja ya shule ikalisukuma pembeni. Nikampigia mama nimwambie awakataze.

Akacheka. "Niwakataze nini? Wanarudi mchangani au hawarudi?"

"Lakini mama, Sengwe."

"Labda na Sengwe aliliita mtoto wa mgeni," akasema. "Alitoka huko kwao, kaliona jiwe, kakumbuka kitu cha kwao. Sisi tukashika. Unadhani bibi zako walizaliwa wanalijua?"

Najua tu kwamba sisi tulikuwa tunajua mahali kwa miguu na kwa sauti ya mama, na wa leo wanajua kwa kioo cha simu, na mimi niko katikati, chaki mkononi, nachora bahari kwenye saruji ya Bellevue. Mvua ikanyesha ikaifuta. Ninaikosa harufu ile ya mikoko asubuhi. Ninaikosa sauti ya mwamba mzima unaitikia neno moja. Huku mtaani kwetu watu wakipiga kelele kila mmoja ana yake.

Wiki iliyopita nilimpeleka Asma kununua viatu vya shule. Tukafika kona kubwa, taxi zinapiga honi, roboti imewaka nyekundu. Mimi kama kawaida yangu, na kama kawaida ya Joburg nzima, nikaona gari liko mbali, nikateremsha mguu barabarani.

Mkono wangu ukavutwa kwa nguvu mpaka kiatu kikabaki chini.

"Shangazi, subiri," akasema Asma, macho yake yako juu kwenye taa. "Sengwe kichwa peke yake."